“Mnakwenda kuogelea tu”: tunayoambiwa na tunayoyakuta kambini baharini

Siku naaga nyumbani Tabora kwenda kisiwa cha Mafia kwa mafunzo kwa vitendo ya viumbe wa bahari, mama mdogo aliniuliza mambo mawili: nguo ya kuogelea nimebeba? Na hiyo pikiniki analipa nani? Wiki mbili baadaye nilirudi shingo imebabuka kwa jua, kucha nyeusi kwa tope la mikoko, na begi likinuka spiriti ya kuhifadhia minyoo. Hakuuliza tena. Tangu hapo nimerudi kambini mara kadhaa, miaka ya mwisho nikiwa msaidizi wa wanafunzi, na kila kundi jipya hushuka kwenye boti na dhana zilezile.

“Kazi ni asubuhi mpaka jioni, usiku mnapumzika”

Anayepanga ratiba ni bahari, mwalimu anainakili tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvu: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikafika mita 3 hadi 4. Katika pwani yetu, siku za bamvu maji hupwa mwisho kama saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja kupwa kumehamia saa kumi, na hayo ni maji mafu yasiyotoka mbali. Ukitaka kuhesabu viumbe wa mwambani, unazo siku chache za bamvu, na katika kila siku saa tatu hivi kabla maji hayajakurudisha nyuma. Ndiyo maana utatuona saa tatu usiku tunavaa yeboyebo na taa za kichwani wakati wengine wanatandika.

Kazi yenyewe haina picha nzuri ya kutuma nyumbani. Unatandaza futi ya kamba ya mita 50, unaweka chini fremu ya bomba la plastiki, nusu mita kwa nusu mita, unainama. Mmoja anakadiria kila kitu kimefunika asilimia ngapi ya fremu, mwingine anaandika kwa penseli, kwa sababu wino hausimami mbele ya maji ya chumvi. “Thalassia thelathini, Cymodocea kumi, mchanga sitini.” Hizo mbili za kwanza ni aina za nyasi bahari. Fremu ya kwanza inachukua dakika ishirini za ubishi. Ya kumi, dakika mbili. Ya thelathini mgongo unakataa kunyooka.

“Hema lipigwe karibu na maji, ndipo panapopendeza”

Hili tulilipa. Safari yangu ya kwanza tulifika siku za maji mafu, tukaona mchanga mkavu, mweupe, tambarare, tukashusha mizigo. Mzee mmoja aliyekuwa akisuka dema, mtego wa samaki, chini ya mnazi akatuita. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, “Wanangu, leo mwezi ngapi?”

“Mwezi wa pili, babu,” akajibu mwenzetu, maana ilikuwa Februari.

Mzee akacheka mpaka akaweka dema chini. Alikuwa anauliza tarehe ya mwezi wa angani. Akatuambia mwezi ni wa nane na hapo si pahala pa kulala. Tukamshukuru kwa adabu, tukaendelea kugonga vigingi, kwa kuwa tulikuwa na simu na simu haikusema kitu.

Usiku wa nane bamvu likaja. Ukirudi kwenye hesabu ya juu utaona: kama kupwa ni saa nne, kujaa ni saa kumi, na saa kumi alfajiri hakuna mwanafunzi aliye macho. Nilishtuka godoro linaelea upande mmoja. Tulipoteza kandambili za watu watano na kilo kumi za mchele. Fomu zilipona kwa kuwa zilikuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Siku hizi natafuta mstari wa juu kabisa wa nyasi bahari zilizokauka, ninaupita, ninakwenda nyuma ya mivinje, halafu bado namtafuta mzee.

“Usiku mnakoka moto ufukweni, mnaimba”

Kwenye fukwe za kasa, huo moto ni balaa. Kisiwani Juani, ng'ambo ya kisiwa cha Chole, hukohuko Mafia, kasa hupanda kutaga, na watoto wao hutoka mchangani usiku wakifuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari. Ukiwasha moto au ukamulika tochi nyeupe kwa huruma ili “kuwaonyesha njia”, wanakufuata wewe. Tunapika nyuma ya miti, tunazima mapema. Nyimbo zipo, ila za chini kwa chini.

“Maji ya chumvi yanaponya kidonda”

Nimeisikia hii kwa wanafunzi, kwa bibi yangu, na kwa muuguzi mmoja ambaye simtaji. Ukikwaruzwa na tumbawe, vipande vidogo sana vya mnyama huyo na chokaa yake hubaki ndani ya ngozi. Ndiyo, mnyama, tumbawe si jiwe, hata kama Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe yake. Na maji ya bahari yana vijidudu vyake, wakiwemo wanaoozesha vidonda vibaya. Osha kwa maji safi yasiyo na chumvi na sabuni, sugua vipande vitoke hata kama unalia, kausha, funga, na kesho yake ubaki kambini kupika.

Ndugu yake ni ile ya kukojolea palipochomwa na yavuyavu. Mkojo unaweza kufyatua vile vimiba vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Suuza kwa maji ya bahari yaleyale, bandua nyuzi zake kwa kitu, si kwa vidole vitupu. Ukikanyaga yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayejificha mashimoni, au ukichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, kinachotuliza ni maji ya moto: nyuzi joto 45 hivi, zisizidi, dakika 30 hadi 90. Joto apime mwenzako kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu haujui unaungua. Na mwiba wa taa ni wa hospitali, usijifanye shujaa.

“Kwenye upepo wa bahari hakuna mbu”

Wapo. Mmoja wa wanaoeneza malaria pwani yetu, Anofelesi merusi, huzaliana hasa kwenye maji yenye chumvi. Beba chandarua. Usubi wa mikokoni nao wanapita kwenye matundu ya baadhi ya vyandarua. Hao sina dawa yao zaidi ya suruali ndefu na moshi wa makumbi ya nazi.

“Mtakuwa mnacheza na pomboo na papa potwe”

Papa potwe ni kweli wapo, upande wa Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba mpaka miezi ya kaskazi, na mkubwa vile anakula vijidudu vya majini na dagaa, hana haja na wewe. Nimemwona mara moja, siku ya mapumziko. Siku nyingine zote nimeangalia tope. Tope la mikoko linanuka yai viza, na kila mwaka yupo anayeuliza ni uchafu gani umemwagwa hapo. Hakuna aliyemwaga kitu. Ndani ya tope hakuna hewa, bakteria wa humo hutoa gesi yenye harufu hiyo, na majani yanaoza polepole mno, kwa hiyo kaboni inabaki imezikwa. Gazi, Kenya, wanakijiji wanauza hesabu ya kaboni hiyo, yaani wanalipwa kwa kuiacha izikwe, tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja.

Na nyasi bahari si mwani, jamani. Nyasi bahari zina mizizi na zinatoa maua.

“Asiyejua kuogelea abaki nyumbani”

Nusu ya darasa langu walitoka bara. Maji ya bamvu yakipwa, kazi nyingi ni ya miguu. Kwenye boti unavaa jaketi la kuokolea, mwogeleaji na asiyeogelea.

“Samaki mtakula mpaka mchoke”

Maharage. Maeneo mengine ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, hayaruhusiwi kuvuliwa kabisa, na samaki mzuri wa kijijini ana mteja wake tayari, mwenye hoteli. Pweza tulimwonja siku moja tu.

Tulikuwa mstari wa tatu, fremu ya saba, tumeshaandika “mwamba, asilimia mia moja”. Mama mmoja mwenye kanga mbili na kijiti chenye ncha ya chuma akapita, akasimama, akaitazama fremu yetu. “Na huyu mbona hamumhesabu?” Tukatazama. Jiwe. Akachokonoa ufa usiozidi upana wa viganja viwili, na jiwe likabadilika rangi, likamkumbatia mkono. Nikageuza penseli, nikafuta, nikaandika: pweza 1.