Hita ya gari la umeme: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

“Si inapasha? Basi ni nzima.” Kauli hii utaisikia kwenye gereji nyingi zinazopokea Nissan Leaf na magari mengine ya umeme yaliyotumika Japani, na ndiyo inayowapoteza mafundi kuliko zote. Kupasha ni kazi ya koili au kauri iliyo ndani. Kihami kina kazi nyingine kabisa: kuuzuia umeme wa betri kubwa, volti 350 hivi kwa Leaf, usivuke kwenda kwenye bodi, yaani mwili wa chuma wa gari. Elementi, yaani kipande kinachopasha, inaweza kukupa joto lote unalotaka huku kihami chake kimeshachoka siku nyingi.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, chukua hita plagi iliyokufa ya Hilux ya dizeli (kile kijiti kinachopasha injini kabla ya kuwaka) uikate kwa msumeno. Kuna ganda la chuma, koili nyembamba katikati, na baina yake unga mweupe ulioshindiliwa ukawa mgumu kama chaki. Huo ni oksidi ya magnesi. Elementi nyingi za mrija, zikiwemo za baadhi ya hita za magari ya umeme, zimejengwa hivyohivyo. Unga huo umependwa kwa sababu unapitisha joto vizuri na umeme unaukatalia, sifa mbili ambazo si rahisi kuzikuta pamoja. Ubaya wake ni kwamba hunyonya unyevu wa hewani, na ukishalowa, umeme hupata njia.

Ila hita plagi na hita ya gari la umeme zinaachana mahali pamoja muhimu. Kwenye hita plagi ya kawaida koili imeunganishwa na ganda kwa makusudi, maana katika gari la volti 12 bodi ndiyo njia ya hasi. Kwenye gari la umeme, chanya na hasi za betri kubwa zote mbili zimetengwa na bodi. Fundi aliyezoea “bodi ni ethi” lazima aanze upya hapo.

Na hapo ndipo linapozuka lingine: “Ikivuja, fyuzi itakata.” Haikati. Uvujaji wa kwanza kwenda kwenye bodi haukamilishi mzunguko, kwa hiyo hakuna mkondo mkubwa wa kuyeyusha fyuzi. Gari linaendelea kutembea. Hatari inakuja upande wa pili wa betri nao ukipata njia, iwe ni kwa waya mwingine uliochubuka au kwa mkono wa fundi. Ndiyo maana gari lenyewe hupima ukinzani wa vihami vyake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 100 inataka angalau omu 100 kwa kila volti kwenye mzunguko wa DC (mkondo mnyoofu), na omu 500 kwa kila volti pale AC (mkondo geu) na DC zilipoungana. Kwa betri ya volti 400, hiyo ya pili ni omu 200,000. Ukinzani ukishuka mno, taa huwaka na mashine ya kusomea makosa mara nyingi huandika P0AA6, msimbo wa uvujaji ambao wenye Toyota Prius wanaujua kwa uchungu.

Kabla hujailaumu hita, lakini, uliza nani aligusa kiyoyozi mara ya mwisho. Kompresa yake ya umeme huhitaji oili isiyopitisha umeme. Akitia oili ya PAG ya magari ya kawaida, kosa hilohilo la uvujaji linaweza kujitokeza na hita haina hatia.

“Nimepima na multimita, hakuna shoti.” Multimita hutuma volti chache tu, na kihami dhaifu huzistahimili bila shida. Kinachotakiwa ni mega (kipima vihami kwa volti kubwa) ya volti 500, baada ya kuchomoa plagi ya usalama ya betri, kusubiri kapasita zimwage umeme, kuvaa glavu za umeme na kuitenga elementi na saketi yake ya kielektroniki. Ukipitisha mega kwenye elektroniki hizo unaweza kuziua. Kisha pima elementi ikiwa baridi, na tena ikiwa imepata joto. Kihami kikavu hupoteza ukinzani kikipata moto. Kilicholowa huanza na kipimo kibovu, kisha hupanda kadiri kinavyokauka.

Watu wa Dar na Mombasa husema hita haiwahusu kwa joto lile. Kutoiwasha ndiko kunakoiponza. Elementi ya mrija ambayo vizibo vyake vya ncha vimezeeka, ikikaa muda mrefu baridi kwenye hewa ya pwani, hunywa unyevu polepole na hakuna joto la kuukausha.

Linalobaki ni imani kwamba kihami kinene ndicho bora. Hapa hata watengenezaji huumiza kichwa. Karatasi ya poliimidi, plastiki inayohimili joto, ya maikromita 25 tu huhimili maelfu ya volti, lakini inapitisha joto kidogo sana, 0.12 W/mK, wakati kauri ya alumina hupita 20. Ukirundika karatasi, joto linakwama ndani. Hita ya kauri za PTC, zinazotokana na bariamu titaneti, hupandisha ukinzani wake ikipata moto kupita kiasi, basi mteja analalamika hita ni dhaifu. Koili ya waya yenyewe huzidi kuchemka na kuharakisha uzee wa kila kilicho karibu nayo. Kwa maoni yangu fedha inafaa iende kwenye kushindilia unga zaidi, kuweka vibao vya alumina na kuondoa mifuko ya hewa. Hewa hiyo ni adui hasa kwenye magari ya volti 800, kwa sababu cheche ndogo zinaweza kuanza ndani yake na kukila kihami taratibu. Juu mlimani hewa ni nyepesi na hupasuka kwa volti ndogo zaidi: viwango huongeza mapengo ya vifaa vinavyotumika juu ya mita 2,000, na kwa mita 3,000 nyongeza ni asilimia 14. Timboroa, kwenye nyanda za juu za Kenya, iko katikati ya hapo, na ndiko dereva anakowasha hita.

Kuhusu kuziba ncha kwa mkanda mweusi: ule wa PVC kwa kawaida umepimwa kwa nyuzi 80. Silikoni ya madirisha inayonuka siki hutoa asidi inayokula shaba. Tafuta isiyonuka hivyo na inayohimili joto. Elementi iliyolowa ikaushwe kwanza kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa kadhaa, izibwe ingali na uvuguvugu. Kama baada ya hapo mega bado inasoma chini, huenda kihami chenyewe kimeharibika. Agiza spea.