Ruzuku ya bustani ya jiji: yanayosemwa na watu wetu, na ilivyo kweli

Kila Jumamosi alasiri, nyuma ya majengo wanakoishi Waswahili wengi wa mji wetu hapa Marekani, vijana wa Kikongo na Kirundi hucheza kandanda kwenye uwanja wa besiboli. Magoli ni mabegi ya shule, mawili huku na mawili kule. Mpira ukigonga kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, unadunda kombo, na haipiti wiki mbili bila mtu kuteguka kifundo cha mguu. Pembeni akina mama wamekaa kwenye nyasi na watoto wadogo. Hakuna bembea hata moja. Na maneno ni yale yale: "Nchi hii ina hela. Mbona hawatujengei uwanja?"

Nina miaka mitano kwenye kamati ya wakazi inayofuatilia bustani za mji. Nimesikia mengi kuhusu ruzuku, na mengi si kweli. Kinachoniuma ni kwamba uongo huu unatuweka nyumbani siku ambayo tungepaswa kuwa mkutanini. Basi nayaandika kama ninavyoyasikia. Nitashikilia zaidi mfuko mmoja, Land and Water Conservation Fund, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, ambao kwenye makaratasi utauona kwa herufi LWCF. Umeanzishwa kwa sheria ya 1964 na umesaidia bustani na viwanja katika kaunti karibu zote za nchi hii. Huenda hata bembea ambayo mwanao anaipenda imetoka huko.

"Ruzuku ni pesa za bure"

Hili ndilo la kwanza na ndilo linaloharibu zaidi. Mfuko hulipa mpaka nusu ya gharama zinazokubalika. Mradi ukiwa wa dola 400,000, mji lazima utafute 200,000. Tena ile nusu ya mfuko haitangulii. Mji unatoa fedha zake, unamlipa mkandarasi, unakusanya risiti, ndipo unadai kurudishiwa. Kwa hiyo mji mdogo usio na akiba unaweza kupewa barua ya pongezi na bado ukakosa uwanja, kwa sababu hauna cha kuanzia. Ndiyo maana mimi huwaambia watu: kikao cha bajeti ya mji, kile kinachoonekana cha kuchosha, ndicho kikao cha uwanja wenu.

Wakisikia nusu, wengi hukata tamaa. Ngojeni kidogo. Nusu ya mji si lazima iwe fedha taslimu yote. Ardhi iliyotolewa, mbao na kokoto zilizochangwa, hata jasho la watu waliojitolea, vinaweza kuhesabiwa, ilimradi vimekubaliwa mapema na kuandikwa sawasawa. Kwenye mradi wetu wa kwanza, uwanja mdogo wa mpira wa kikapu katika bustani ya jirani, karatasi ya mahudhurio ilikuwa na safu nne: jina, tarehe, saa, kazi, chini sahihi ya msimamizi. Mzee mmoja aliyekuwa mwashi huko Uvira alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kusaini. Alipanga matofali ya njia ya kupitia, na kwa kuwa uashi ndio ufundi wake, saa zake zilihesabiwa kwa kiwango cha mwashi. Daktari aliyekuja kusukuma toroli alihesabiwa kama kibarua, kwa sababu mfuko unathamini kazi uliyoifanya, hautazami cheo chako. Mzee aliposikia hivyo aliomba aone ile karatasi mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya madiwani hulisahau. Kwa kawaida huwezi kulipia sehemu yako ya ruzuku ya serikali kuu kwa fedha nyingine za serikali kuu. Lakini zile za maendeleo ya jamii zinazotolewa na wizara ya nyumba tangu 1974, zinazojulikana kwa herufi CDBG, zinaruhusiwa. Fedha hizo zinalenga mitaa ya watu wa kipato cha chini, na mitaa yetu ndiyo hiyo. Mji unaopata CDBG hauna sababu ya kutuambia kwamba nusu haipatikani kabla haujatazama huko.

"Tukiomba, majirani watasema tunakula kodi zao"

Mfuko huu haulishwi na kodi ya mapato ya jirani yako. Unalishwa hasa na mrabaha unaolipwa na kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini, kwenye maji ya Marekani. Wazo lake ni kwamba taifa linapotoa mali moja ya asili, lirudishe nyingine kwa wananchi. Kiwango chake ni dola milioni 900 kwa mwaka. Kwa miaka mingi Bunge lilikuwa likielekeza sehemu kubwa ya fedha hizo kwingine, mpaka ilipotiwa saini sheria ya Agosti 4, 2020 iliyotaka kiasi chote kitolewe kila mwaka. Majimbo yametengewa si chini ya asilimia 40. Jirani akilalamika, mwambie hivyo kwa upole.

"Chama chetu kitaandika maombi chenyewe"

Hapana. Wanaoweza kupewa ni majimbo, na kupitia kwao miji, kaunti, wilaya za bustani na serikali za makabila ya Wenyeji wa Marekani. Chama cha Warundi, kanisa, msikiti, timu ya vijana, havimo. Nimeona watu wakitumia majira yote ya baridi kuandika maombi mazuri ambayo hayakuwa na mahali pa kupelekwa. Mlango ni idara ya bustani ya mji wenu. Muulizeni ofisa wa hapo maswali mawili: jimbo linapokea maombi mwezi gani, na bustani yetu iko nafasi ya ngapi kwenye orodha yenu? Swali la pili ndilo linalomfanya aache kalamu na kukutazama.

"Sisi si raia, hatuna la kusema"

Kwenye hili ninaomba msomaji anisikilize. Kura ya uchaguzi ni ya raia. Mkutano wa hadhara kuhusu bustani ni wa mkazi. Hakuna aliyewahi kuniomba pasipoti nikiwa nimeshika kipaza sauti.

Tena sauti ile ina uzito wa alama. Ili jimbo lipate fedha za mfuko, linatakiwa kuwa na mpango wa burudani za nje, unaofanywa upya kila baada ya miaka mitano, na wananchi lazima washirikishwe. Maombi ya miji yanapimwa kwa kuangalia kama yanajibu mahitaji yaliyomo kwenye mpango huo. Kama hakuna mama hata mmoja wa mtaa wetu aliyejaza dodoso na kusema "tunahitaji uwanja wa soka na bembea", basi kwa mujibu wa karatasi hitaji letu halipo. Jimbo likileta dodoso lijalo, lijaze. Kiingereza kikikushinda, mwite binti yako wa darasa la nane akusomee.

Mwaka 2006 huko Clarkston, Georgia, mji mdogo uliopokea wakimbizi wa mataifa mengi, meya alizuia soka kwenye bustani ya Milam Park. Alisema uwanja ule haukutengenezwa kwa ajili ya soka. Timu iliyoguswa ilikuwa ya watoto wakimbizi, wakiwemo wa Kongo na Burundi. Kocha wao, mwanamke mzaliwa wa Jordan, alikwenda mbele ya baraza la mji akaomba, na baraza likapiga kura watoto waruhusiwe kucheza. Halikuwa suala la ruzuku, lakini mlango alioupitia yeye ndio huo huo wetu.

"Tuanze kujenga, hela zitatukuta njiani"

Lilitupata hili. Kwenye ule uwanja wa kikapu, mkandarasi alikuwa na nafasi Aprili, bei ilikuwa nzuri, na kila mtu alitaka vijana wacheze kabla ya kiangazi kwisha. Zege likamwagwa. Mkataba wa ruzuku ulisainiwa baadaye. Zege lile, ambalo ndilo lilikuwa gharama kubwa kuliko zote, halikurudishiwa hata senti, na saa za waliosawazisha udongo hazikuhesabiwa. Viti, njia na miti vilivyofuata vililipwa.

Sababu si ukorofi wa makarani. Kabla ya mkataba lazima mradi upimwe athari zake kwa mazingira, na lazima ofisi ya mambo ya kale ya jimbo itazame kama chini ya hapo pana makaburi au masalia ya watu wa kale. Ukishachimba, hakuna tena cha kupima. Kwa hiyo subiri barua yenye sahihi, hata kama kusubiri ni mwaka mzima au zaidi. Ninajua mtoto wa miaka kumi hawezi kuelewa hilo. Mwambieni tu ukweli kwamba itachukua muda.

"Watatujengea na ukumbi, na mtu wa kufagia"

Mfuko ni wa burudani za nje: viwanja, bembea, meza za kulia, njia za kutembea, mabwawa ya kuogelea ya wazi, vyoo vya kuhudumia hivyo. Ukumbi wa ndani wa mazoezi haumo, na uwanja wa timu ya kulipwa haumo. Kufagia, kukata nyasi na kubadili nyavu ni juu ya mji.

"Utakuwa wa wenye kitambulisho cha mji huu tu"

Kanuni haziruhusu. Mgeni wa mji jirani hawezi kufungiwa geti kwa sababu ya anakoishi. Kama kuna kiingilio, anaweza kutozwa zaidi, lakini isizidi mara mbili ya anachotozwa mkazi.

"Meya akibadilika watauza kiwanja"

Watu wetu wana sababu ya kuogopa hivi. Wengi tumetoka mahali ambapo uwanja wa watoto uliota ukuta usiku mmoja. Lakini hapa ndipo ruzuku hii inapozidi nyingine zote, na ndiyo sababu ninaipigania hata kwa kiasi kidogo cha fedha. Sheria, kwenye kifungu cha 6(f), inasema ardhi iliyoguswa na mfuko itabaki ya burudani za nje za umma daima. Si miaka ishirini, ni daima. Anayetaka kuitumia kwa jambo jingine lazima apate idhini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, na atoe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua na manufaa yanayokaribiana.

Sisemi ulinzi huo hauna nyufa. Huko Bronx, New York, sehemu ya Macombs Dam Park ilichukuliwa ili kujenga uwanja mpya wa besiboli, Yankee Stadium, uliofunguliwa 2009. Kwa kuwa bustani ile iliwahi kupata fedha za mfuko, jiji lililazimika kufidia, na viwanja vya Heritage Field vilifunguliwa 2012 pale pale uliposimama uwanja wa zamani. Fidia ilikuja, ila mtoto aliyekuwa na miaka tisa ujenzi ulipoanza 2006 alikuwa na kumi na tano. Na huko Benton Harbor, Michigan, bustani ya Jean Klock Park iliyo kando ya Ziwa Michigan, ambayo familia moja iliutolea mji mwaka 1917 kwa kumkumbuka binti yao mdogo aliyefariki, ilimegwa ili kupata mashimo ya gofu. Ardhi ya fidia ilikuwa vipande vilivyotawanyika mbali na fukwe zile. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Kwa hiyo ulinzi unahitaji watu wanaojua kwamba upo. Na unaanza na ramani. Kila maombi hubeba ramani yenye mstari unaoonyesha eneo litakalolindwa. Kwa kawaida ni bustani nzima, lakini mtu asipoangalia, mstari unaweza kukaza mno. Mwezi uliopita ofisa wa mji alituletea rasimu ya ramani ya huu uwanja wetu wa mabegi. Mstari ulizunguka mahali pa soka na bembea zitakapokaa, ukakata upande wa barabara. Mama mmoja wa Bujumbura, ambaye hajawahi kusema neno mkutanini, aliweka kidole kwenye karatasi na kuuliza kwa Kiswahili: "Na huu mti je?"

Ni mwaloni mkubwa. Chini yake ndipo wanapokaa na watoto, kwa kuwa ndio kivuli pekee. Nikatafsiri. Ofisa akasema mti haukuwa sehemu ya ujenzi. Mama akasema anajua, ila watu wa bustani ni pamoja na wasiocheza. Yule bwana alinyamaza kidogo, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaupitisha mstari nyuma ya mwaloni, mpaka kwenye ukingo wa barabara.