Waridi la jangwani: lipande kwa mbegu, usiling'oe porini

Ukikuta waridi la jangwani lenye shina nene kama mtungi linauzwa kando ya barabara, muulize muuzaji alikolitoa. Shina la namna hiyo hunenepa kwa miaka mingi, na njia ya mkato ni kwenda kuling'oa porini. Sisi wa vitalu tunakuomba uwe na subira, uanze na mbegu.

Mmea huu ni wa kwetu. Huota wenyewe kwenye miamba na nyika kavu za Tanzania na Kenya, na pia Somalia, Ethiopia, hadi ng'ambo Yemeni na Oman. Jina lake la kitaalamu, Adenium obesum, limetokana na mji wa Aden.

Maganda ya mbegu hutoka mawili mawili, mfano wa pembe za mbuzi. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, kwani kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo wa kiangazi hauachi kitu. Changanya mchanga wa mtoni debe mbili na udongo wenye samadi iliyooza debe moja. Laza mbegu, ifunike kidogo tu. Ikiwa haijakaa sana tangu ivunwe, kwa kawaida huota ndani ya wiki moja au mbili. Pingili nazo hushika, ila mara nyingi hazitoi kile kitako kinene ambacho ndicho uzuri wenyewe.

Chungu kiwe na matundu chini, kikae juani.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wanapoliua. Chomeka kidole kwenye udongo; ukiwa bado na unyevu, acha. Kwa mtu wa Dodoma, mvua zikiisha na baridi ya Juni na Julai ikaingia, majani huweza kupukutika. Watu huingiwa na huruma, wakazidisha maji. Mmea umelala tu, haufi! Punguza maji mpaka utoe machipukizi. Lakini shina likibonyea kama embe lililoiva na udongo umelowa, mizizi inaoza. Litoe, kata kilichooza mpaka ufikie sehemu nyeupe iliyo ngumu, liweke kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo ulipande upya kwenye mchanganyiko mkavu.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale. Ukikugusa, nawa kwa sabuni kabla hujashika jicho au chakula. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au mbuzi wasiofungwa, weka chungu juu ya ukuta wasikofika, na matawi uliyopogoa yafukie, usiyatupe zizini.