Mwendo wako na hali ya roho yako

Hapa kwetu Goma mtu akianza kutembea polepole, mabega yameanguka, watu wanasema ati amekuwa mvivu, wengine wanasema amerogwa. Siye wa kineziterapi (tunaotibu mwili kwa mazoezi na mikono) tunaangalia kitu ingine. Mgonjwa akiingia, kabla hata aikale, nimeshaona mengi kati ya mlango na kiti: mikono inayumba ao imekauka ubavuni, kichwa inapanda na kushuka kidogo na kila hatua ao iko tu pale pale. (Kuinama peke yake sihesabu, juu kwa haya mawe yetu ya volkano asiyetazama chini anajikwaa.)

Si ramli hiyo. Johannes Michalak, mwanasaikolojia wa Ujerumani, na wenzake walipima mwendo wa watu wenye depresyo (ugonjwa wa huzuni isiyoisha), 2009 wakaonyesha wanaenda polepole, mikono haiyumbi sana, mgongo umejikunja. Ile ugonjwa inashika mpaka misuli, njo maana kumuambia mtu "changamka basi!" haisaidii kitu.

Sasa upande wa pili: mwendo nao unaweza kugusa roho? 2015 Michalak na wenzake walitembeza watu kwenye mashine, mbele yao skrini, wakaambiwa tu wabadilishe mwendo mpaka alama isogee upande fulani, bila kujua upande moja ni mwendo wa huzuni na ingine wa furaha. Wakapewa maneno mazuri na mabaya, kisha wakaulizwa wanakumbuka gani: wale wa mwendo wa huzuni kumbukumbu yao iliegemea zaidi kwa mabaya.

Lakini tusizidishe. Ile stori ya kusimama kifua mbele dakika 2 ati homoni zinabadilika, ilitoka Marekani 2010, watafiti wengine wakairudia na watu 200, homoni hazikubadilika. Kwenye mitandao bado wanaiuza!

Kuko wanaoniuliza: mimi nasukuma chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo) kila siku, mbona roho haitulii? Kazi ya mzigo unaifanya juu watoto wakule, mwili hauchagui wala haupumziki, na tafiti zinaonyesha mazoezi ya kujipendea njo yanaendana zaidi na roho nzuri. OMS (Shirika la Afya Duniani) inashauri mtu mzima dakika 150 kwa wiki, unaweza kuzigawa, tembea na jirani mkipiga stori, acha mikono iyumbe. Roho ikienda mbio, toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyovuta.

Wiki 2 zikipita usingizi hakuna, chakula hakishuki, nenda kituo cha afya uulize sikolog (mwanasaikolojia). Na ukiwaza kujiua usingoje hizo wiki, nenda leo, mtu akusindikize.