Utalii wa boti unaowajibika ni upi? Maelezo kutoka Kigoma

Utalii wa boti unaowajibika ni safari ya kuwatazama wanyama kutoka majini, inayoendeshwa kwa namna ambayo mnyama haachi alichokuwa akifanya kwa sababu yenu. Kiboko aliyelala aendelee kulala. Ndege anayeatamia asiruke kutoka kiotani. Pomboo anayenyonyesha asikatizwe. Kipimo ni hicho, na kinamtazama mnyama kabla ya mteja. Boti inaweza kuwa mpya, ikaandikwa maneno mazuri ya mazingira ubavuni, na bado isikifikie kipimo hiki hata kwa nusu.

Sisi wa Kigoma, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hatuwezi kuwaachia dhana hii watu wa Zanzibar na Mafia eti kwa sababu wao ndio wenye bahari. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa mji, haina barabara ya kuifikia. Mgeni hupanda boti. Hifadhi ya Mahale, kule kusini, hata anayekuja kwa ndege humalizia safari majini. Kwa hiyo kila anayekuja kumwona sokwe mtu huanza kwa kuwa mtalii wa ziwani, na njiani hupita kwenye makazi ya viboko, mamba, fisi maji, furukombe na samaki wa aina nyingi ambao hawapatikani popote pengine duniani.

Tuanze na bahari, maana huko madhara yamechunguzwa zaidi. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, boti zimekuwa zikiwapeleka wageni kuwaona pomboo tangu miaka ya 1990. Watafiti waliowafuatilia pomboo hao walikuta kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza muda wa kula, kupumzika na kuchangamana, na huongeza muda wa kuhama huku na huko. Mtalii aliye kwenye boti anawaona wakienda mbio na anapiga makofi kwa furaha. Kumbe wanakwepa. Mnyama asiyepumzika wala kula vizuri hana nguvu ya kulea mtoto, na jambo hilo halionekani siku ileile, huonekana miaka ikipita. Kelele za mashine nazo si ndogo kama tunavyozisikia sisi juu: sauti majini husafiri kwa kasi zaidi ya mara 4 ya hewani, na pomboo hutegemea sauti kutafuta chakula na kuitana.

Ndiyo maana kwingine wameweka masharti makali. Ningaloo, Australia, wanakoogelea na papa potwe, samaki yuleyule anayewavuta wageni Mafia, boti moja tu huruhusiwa kuwa karibu na samaki kwa wakati mmoja, waogeleaji wasizidi 10 majini, na kumgusa ni marufuku. Mahale nako, nchi kavu, wageni wanaomtazama sokwe hukaa umbali wa mita 10, huvaa barakoa na wana saa moja tu. Barakoa ni kwa sababu mafua yetu yanaweza kumuua sokwe. Masharti ya msituni na ya baharini yana mzizi mmoja: umbali, idadi na muda.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Kuna namna ya kukaribia, na hapa ndipo nahodha mzuri anapojulikana. Hupunguza moto wa mashine mapema, akiwa bado mbali. Huja kwa ubavu, hamkabili mnyama usoni wala hamfukuzii kwa nyuma, na huacha upande mmoja wazi. Mchukue kiboko. Mchana hukaa kwenye maji mafupi karibu na ukingo, na akishtuka hukimbilia kilindini. Boti ikijipenyeza kati yake na kilindi imemzibia njia yake ya kutokea, na kiboko aliyezibiwa njia hupasua chombo. Dalili huja kwa mpangilio ambao yeyote anaweza kujifunza kuusoma: kwanza vichwa vyote hugeukia boti na masikio husimama, kisha mmoja hupanua kinywa hadi mwisho, na huo si mwayo wa usingizi, ni onyo, mwishowe huzama ghafla. Ukiona mstari wa mapovu unakuja upande wenu, muda wa picha umekwisha. Nahodha anayewajibika huondoka kwenye ile dalili ya kwanza. Abiria akisema, “Kaka, sogea kidogo tu, nipate picha,” humjibu kwa upole, “Hapa panatosha, dada,” na anageuza.

Kuna wanyama ambao hakuna anayewafikiria kwa sababu hawana meno wala sauti. Kwenye sehemu za mwambao wetu, chini ya maji, kuna matandiko mapana ya makombe ya konokono waliokwisha kufa. Ukiingia na miwani na mrija, ukatulia bila kurusha miguu, utaona samaki wadogo kuliko kidole wakichungulia kutoka ndani ya makombe hayo. Ndimo wanamoishi, wanamotaga na wanamojificha adui akipita. Mgeni anayeokota kombe zuri kwa ajili ya kumbukumbu huenda amebeba nyumba ya mtu. Nanga ikitupwa hapo na kuburutwa inavunja mtaa mzima. Kwa hiyo nanga hushushwa kwenye mchanga mtupu, na mwongoza wageni huwaambia watu wake kabla hawajaruka majini kwamba kombe hubaki lilipo. Hili linaniuma kwa sababu halihitaji fedha wala sheria mpya, ni kutazama tu chini kabla ya kutupa nanga.

Kulisha wanyama ni katazo jingine, na Gombe imetupa somo lake. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika pale Julai 1960, na miaka iliyofuata sokwe waliwekewa ndizi kambini ili wawazoee watu. Ugomvi kati yao uliongezeka, nyani nao wakavamia. Ulishaji ulipunguzwa na hatimaye ukaachwa kabisa. Anayerusha mkate ufukweni ili nyani wasogee kwenye boti anaianzisha upya shida ambayo hifadhi ilishaikimbia.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, uwajibikaji huamuliwa kabla boti haijaondoka, wakati wa kupatana bei. Dalali akimhakikishia mgeni kwamba “lazima” atamwona mnyama fulani, ameshamfunga nahodha. Asipoonekana, nahodha atazunguka, atafukuzia, ataingia kwenye matete ili mteja asidai hela yake, na mafuta yatakuwa yanaungua bure. Mkataba ulio sawa humwahidi mgeni safari: saa kadhaa ziwani, mwongozaji anayejua anachokiona, na nafasi ya kuwaona wanyama wakijitokeza wenyewe. Bahashishi nayo isiambatanishwe na kusogea karibu. Wakubwa wa kampuni wanaomkaripia kijana wa boti kwa kurudi bila picha wanamfundisha kuvunja masharti, kisha wanabandika masharti hayohayo ukutani ofisini.

Wajibu huo unawafikia binadamu pia. Boti ya kasi ikipita karibu na kijiji huyumbisha mitumbwi na kuchafua maji mahali ambapo akina mama wanafua na watoto wanaoga. Nyavu za wavuvi zipitiwe mbali. Takataka zote hurudi mjini, kwani Tanganyika ni ziwa linalotoa maji yake taratibu mno kupitia Mto Lukuga, na kinachoingia humo hukaa.

Ukiwa unatafuta boti ya Gombe, uliza mambo haya kabla ya kutoa fedha: mnyama asipoonekana inakuwaje, mashine huzimwa mkiwa umbali gani, maboya ya kujiokolea yanatosha watu wote na la mtoto lipo? Uliza pia kuhusu upepo. Kiangazi kusi likivuma mchana, ziwa huchafuka, na boti ndogo inayolazimisha kurudi hujikuta ikibana ukingo, kwenye maji mafupi ya wanyama, kwa moto wote. Nahodha akikwambia kwamba mtarudi kesho alfajiri ziwa likitulia, mlipe usiku wake na mlale hukohuko.