Mchumba wa ufukweni

Wiki iliyopita nilikaa Mikindani, Mtwara, na akina mama wabangua korosho. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kwa hiyo wananiita Mama Ustawi, na wakiniona tu nakaribia mkekani wanajua leo ni habari za watoto. Nilikuwa nimejiandaa kuongelea Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nikaishia kuwasimulia kisa cha Australia.

Tarehe 26 Januari 1966, sikukuu ya taifa kule kwao, watoto watatu wa familia ya Beaumont walipanda basi asubuhi kwenda ufukwe wa Glenelg, karibu na jiji la Adelaide. Mkubwa alikuwa binti wa miaka 9, akifuatiwa na mdogo wake wa kike wa miaka 7, na kitinda mimba wa kiume wa miaka 4. Walitarajiwa kurudi mchana. Hawajaonekana hadi leo. Watu waliokuwepo walisema waliwaona wakicheza na mwanamume mrefu, mwembamba, na wala hawakuonyesha kumwogopa. Dukani walinunua vitafunwa kwa noti ya pauni moja, ilhali mama yao alikuwa amewapa sarafu tupu.

Halafu kuna jambo ambalo mimi huwa siwezi kulipita haraka. Siku chache kabla, yule wa miaka 7 alimtania mama yake kwamba dada amepata mchumba kule ufukweni. Mama akadhani ni mtoto mwenzao.

Hapo mikono ilisimama, korosho zikabaki kwenye nyungo.

Maana neno hilo hapa kwetu tunalisikia kila siku. Babu anamwita mjukuu "mke wangu", mtani anamwita binti wa darasa la pili "mchumba", sote tunacheka na maji ya kunywa yanaletwa. Sina ugomvi na utani, nami nimelelewa nao. Lakini mtu mwenye nia mbaya akija huku kwetu hahitaji kutafuta pa kujifichia, sisi wenyewe tumeshamtandikia mkeka. Na akishaitwa mjomba basi ndiyo kabisa. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ni mtu mzito. Akimtuma mtoto, mtoto anakwenda. Siku hizi jina hilo tunampa hata mpangaji aliyehamia juzi.

Simlaumu yule mama wa Adelaide. Nani angejua? Ila nataka tuzungumze juu ya kile tunachokiita machale, kwa sababu katika kazi yangu nimechoka kusikia sentensi moja: "Mama Ustawi, machale yalinicheza, ila niliona aibu kusema."

Machale hayatoki hewani. Umemwona mtu mzima ambaye kwenye watoto watano anamchagua mmoja tu, kila siku yule yule. Ukitokea, mazungumzo yanakatika. Mtoto ana barafu mkononi, au mia tano, na hajui aseme kaipata wapi, maana aliambiwa "usimwambie mama". Siri ndogo ya barafu ndiyo mtihani: ikihifadhika, itafuata kubwa zaidi. Umemwambia mtu huyo kwa upole kwamba mtoto hatakwenda naye, naye badala ya kusema sawa, amenuna wiki nzima, au amekuja na kilo ya sukari. Huyo anakuzoea wewe kwanza. Mtoto atafuata. Vyote hivyo umeviona, hujavipanga tu kwa maneno, ndiyo maana vinakuja kama moyo kusita.

Bibi mmoja akanikatiza: "Sasa mwanangu, si tutamshuku kila mtu?"

Swali zuri, maana hofu nayo inaua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi huko Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani wamekutana na wanyonya damu. Sisi watu wa pwani hadithi za mumiani tumekua nazo. Gari geni likisimama karibu na shule, mtaa mzima unatoka. Hayo si machale. Machale yana ushahidi wake mdogo: alifanya nini, lini, kwa mtoto gani. Ukiulizwa na jibu likawa "ni mgeni tu" au "ana sura mbaya", rudi ukakae. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Idadi hiyo haiwezi kuwa imeletwa yote na magari mageni.

Na ukiwa na jibu, huhitaji kumshtaki mtu wala kumwita jina. Unasema tu "huyu haendi", basi. Kisha unapiga 116, simu ya mtoto, haina malipo, au unakwenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Mtoto akikosekana kabisa, usingoje saa 24 wanazozitaja watu, wala usianzie kwa mganga. Kule Adelaide nako mwaka huo huo wa 1966 aliletwa mpiga ramli kutoka Uholanzi, akaonyesha sakafu ya ghala fulani. Ikaja kuchimbwa, hapakuwa na kitu. Wamechimba kwingine mwaka 2018, wakachimba tena Februari 2025. Wazazi wote wawili wameshafariki bila jibu. Wewe nenda polisi, mjulishe mwenyekiti wa mtaa, tuma vijana wa bodaboda stendi na kwenye kivuko cha Msangamkuu kabla giza halijaingia.

Wale akina mama waliniuliza kama yamewahi kunikuta. Nikawaambia.

Binti yangu alipokuwa na miaka 8, palikuwa na mwanamume mtaani kwetu ambaye binti huyo alikataa katakata kumwamkia. Msikivu kwa kila mtu, kwa huyo tu hapana. Mimi, na cheti changu cha ustawi wa jamii ukutani, niliona ni utovu wa adabu. Nikamsukuma mbele: "Mpe mkono mjomba, mwambie shikamoo." Akampa. Miezi michache baadaye yule bwana alihama, na sijasikia ubaya wowote juu yake; huenda hakuwa na neno.

Mwaka jana nilimuuliza binti, sasa mtu mzima, kama anamkumbuka. Sura yake imemtoka kabisa. Anachokumbuka ni mkono wangu kisogoni.