Kabla hujaniuliza betri ngapi, niambie una vitu gani

Watu wakinitafuta kuhusu basi la kuishi, swali la kwanza ni lilelile, fundi niweke betri ngapi, na mi siwezi kujibu kwasababu bado sijui wanaishi vipi. Kazi yangu ni kufunga umeme wa sola kwenye mabasi ya shule yaliyogeuzwa nyumba, huku Arizona, na mwenyewe naishi ndani ya basi mwaka wa nne sasa, International ya 1998 yenye injini ya DT466. Wamarekani wanayaita skuli, na ndugu zangu wa Zanzibar neno hilo mnalo tayari, mabasi yenyewe kweli yametoka shuleni. Ile rangi ya njano ilipitishwa 1939 ili basi lionekane mbali, na majimbo mengi yanakutaka upake nyingine na utoe kile kibao cha stop ndo uliandikishe kama nyumba.

Turudi kwenye betri. Kwa anayenunua umeme wa LUKU nahesabu kwa uniti, inaeleweka haraka: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Betri moja ya lithiamu ya volti 12, ampia-saa 100, inabeba uniti 1.28 hivi tu. Ya asidi ya saizi hiyohiyo usishuke chini ya nusu yake la sivyo unaiua mapema. Paa langu lina paneli 4 za wati 200 na siku nzuri ya jua la kipupwe (huku ni Desemba mpaka Februari) napata kama uniti 2 na nusu, siku ya mawingu hata moja haifiki.

Sasa walikuja mume na mke na orodha yao: kiyoyozi, maikroweivu, mashine ya kahawa, draya ya nywele, tivii mbili. Nikakaa nao chini na kalamu. Kiyoyozi cha kwenye paa kinakula wati 1,300 hivi, kikinguruma saa 8 bila kupumzika ni uniti 10, yani betri 8 kwa usingizi wa usiku mmoja, na paneli za kuzijaza zingekula paa lote hata tundu la feni lisipate pa kukaa. Nikawauliza, kwani Julai, joto la huku likiwa kali, mnafanya nini huku chini jangwani na nyumba yenu ina magurudumu? Mji wa Flagstaff, hukuhuku Arizona, uko mita kama 2,100 juu, kiangazi usiku unajifunika blanketi, kama sisi wa Tanga tulivyokuwa tukipanda Lushoto kukwepa joto. Feni ya volti 12 ikiwa kali ni wati 40. Kiyoyozi kikatoka kwenye orodha na kikaondoka na betri zake, nyaya zake nene, paneli zake na maelfu ya dola zao, na hapo ndo walianza kunielewa, kwamba kitu ndani ya basi hakiji peke yake, kinakuja na mzigo wa kukihudumia.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, pia ni ya kuangalia sana. Ile kubwa ya wati 3,000 ikiwashwa tu bila kuchomeka chochote inaweza kula wati 25, zidisha saa 24 unapata uniti 0.6, zaidi ya friji yangu ya volti 12 inayokula nusu uniti kwa siku! Mtu analaumu betri kumbe ni inveta imekesha macho kwa ajili ya chaja ya simu. Fungeni soketi za USB za volti 12 na mzime inveta mkilala, tafadhali.

Maji nayo ni uzito. Nabeba lita 227, kilo 227 hizo, ndo maana niliyagawa matangi mawili, kushoto na kulia, chini, kati ya ekseli, sio nyuma kabisa ya gurudumu la nyuma maana basi linaanza kuyumba mkia. Kuoga natumia lita 6. Wateja wangu wanashangaa, lakini mi nimekua na ndoo moja ya lita 20 na kopo, tunaoga watatu na yanabaki ya kudekia.

Mama yangu huko Tanga nilipomwambia nimegawa vitu vyote nahamia kwenye basi alinyamaza kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani imekatika. Kwake kuwa na vitu vichache ilikuwa shida, hakuichagua, na ana haki ya kuumia, kwahiyo mi siwezi kusimama hapa nikasema umaskini ni raha. Nilichomwambia ni kwamba sasa hivi sidaiwi kodi ya nyumba na nalala bila deni, akaniuliza mbuzi ya nazi je, umeigawa? Sijaigawa. Inakunjwa, inakaa chini ya kitanda. Na khanga 4 alizonipa, moja pazia, moja shuka, moja taulo, moja ya kufungia mkate, hakuna kitu humu kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa gramu chache.

Yapo magumu. Bima ni ngumu kupata, kampuni nyingi zinakataa basi la kugeuzwa, na unahitaji anwani ya barua. Kipupwe nakaa Quartzsite, kwenye ardhi ya umma jangwani huku Arizona, nilikata kibali cha msimu kwa dola 180, ila ardhi nyingine nyingi ya umma ni siku 14 unasogea.

Kama bado unataka, usinunue basi kwanza. Chukua tepu bandika sakafuni hapo kwako, mita 2.2 kwa 8, ishi humo wiki mbili na ndoo yako, andika kila kitu ulichokigusa na wati zake. Ukishaipata hiyo karatasi nitumie, betri tutazijua hapohapo.